Zamu ya Lango

Garúa, ndilo jina lake: manyunyu.
Alizaliwa mvua ikiwa haijaamua
kama ni mvua au ni ukungu tu wa mabonde ya Aysén.
Sasa ana miezi kumi na minne
na uzito unaonizidi mara nne,
na leo asubuhi amenikanyaga.

Si kwa ubaya. Aliona mfuko wa nailoni
umenasa kwenye seng'enge, unapepea,
akaja kujificha kwangu
kama mtoto anavyokimbilia sketi ya mama,
ila mtoto hana kwato.

Nikavua buti jikoni. Ukucha ulikuwa wa zambarau.
Baldomero akautazama, akacheka kidogo, akanyamaza.
Yeye goti lake halikunji
tangu mwaka wa Sultán,
dume la kijivu tuliyemlea kwa chupa,
tukamwacha aingie hadi jikoni humu,
apekue mifuko yetu akitafuta sukari,
atusukume kwa kichwa, nasi tucheke:
tazama anavyotupenda!
Akakua. Na kichwa kikakua.
Siku moja akataka kutangulia langoni,
na Baldomero alikuwa ndani ya lango.
Hatukumlaumu. Nani alimwambia
kwamba lango lina zamu?

Kwa hiyo njoo, Garúa. Tuanze na nafasi.
Hapa ni pangu: urefu wa mkono
na wa fimbo hii ambayo sitakupigia.
Hapo ni pako.
Katikati ni pa upepo, tuuache upite.

Naweka kidole begani kwako.
Unaegemea. Nasubiri.
Siongezi, sipunguzi.
Unafikiria nyasi, unafikiria mfuko,
halafu, kama mtu aliyekumbuka birika motoni,
unarudi hatua moja nyuma,
nami naondoa kidole papo hapo,
maana somo limo katika kuondoa,
si katika kugusa.
Hilo nililijua baada ya miaka thelathini.
Baba yangu alijua mjeledi na nguzo,
na farasi wake walisimama, kweli,
walisimama kama nyumba zilizohamwa.

Tena. Na tena.
Usiizungushe kamba mkononi, namwambia Yasna,
mjukuu, aliyekalia uzio na tufaha lake:
farasi akishtuka ataondoka na vidole.
Na hilo tufaha usimlishe kwa mkono. Litie ndooni.
"Hata kipande?"
Hata kipande.
"Bibi, una roho mbaya."
Ninayo. Ndooni.

Alhamisi akaja Quilodrán, mhunzi wa kwato,
na aproni ya ngozi, tupa, koleo,
na mgongo ambao farasi watatu wameutia sahihi.
Mguu wa kwanza Garúa aliutoa kama anayekopesha.
Wa pili vilevile.
Wa tatu aliutoa, akafikiri, akaurudisha, akautoa.
Wa nne akaukita chini kama mche.
Quilodrán hakuvuta. Alisimama
muda wa kumaliza sigara moja,
kisha akaomba kisigino tu, kiinuke kidogo.
Kikainuka.
Akakishusha mwenyewe kabla hajanyang'anywa.
"Umebaki wa wiki ijayo," akasema,
"asilale akidhani ameshinda,
wala akidhani ameshindwa."
Tukamlipa pesa kidogo na jibini zima.

Nikamrudisha zizini, kamba imelegea kati yetu.
Langoni nikasimama ghafla,
nimesahau nilichokuwa nakifuata:
labda ile ndoo,
labda ni Baldomero aliyeita.
Naye akasimama,
urefu wa mkono na wa fimbo,
masikio yote mawili kwangu.
Ule mfuko ulikuwa bado unapepea kwenye seng'enge.
Akautazama.
Akanitazama.
Akabaki pake.