Mtufaha wa Torbjørg

Gome limepasuka upande wa kaskazini,
mkono wangu unaingia hadi kiwiko,
nautoa na unga wa mbao na manyoya ya ndege
asiyelipa kodi.

Shangazi Torbjørg aliupanda, wanasema,
mwaka ulipofika umeme huku Hardanger.
Majirani walinunua balbu.
Yeye akanunua mche.

Kaka yangu Sjur anataka nafasi ya trela.
"Mti umekwisha, Gudveig. Unauguza maiti."
Simjibu. Nanoa msumeno mdogo,
ule wa kupogolea, si ule wake.

Machi napanda ngazi.
Tawi kavu nalikata, lenye donda nalikwangua
mpaka nione kijani, chembamba kama uzi wa sindano.
Hapo naacha.
Mti mzee haupogolewi kwa hasira:
ukiukata mno unashtuka,
unachipuza fito ovyo, majani matupu,
kama mtu anayecheka msibani.

Tawi la mashariki nimelitegemeza nguzo,
na pale panapogusana nimeviringa sweta kuukuu ya shangazi
pasichubuke.
Mwaka juzi lilizaa matufaha saba.
Saba! Niliyahesabu kila asubuhi
kama bahili na senti zake.
Moja lilikuwa na buu. Nililila hivyo hivyo,
nikizungukia nyumba ya mwenyewe.

Kisha theluji ya Oktoba, ya mapema, nzito, ya majimaji,
ile inayovunja matawi yangali na majani.
Usiku kucha nilikuwa na homa,
magoti hayaninyanyui,
nikisikiliza miti ya jirani ikikatika, kaa, kaa.
Nikasema: basi, kesho kuni.

Kulipokucha, weupe ulikuwa umelala kila mahali
isipokuwa matawini mwake.
Chini, nyayo za buti zikizunguka, zikizunguka,
na ufagio wa Sjur umeegemea nguzo.

Alipokuja kunywa kahawa hakutaja kitu.
Nami sikuuliza. Nilimmiminia,
nikamwongezea sukari asiyopaswa kula.

Mwezi Mei nilichukua vikonyo vitatu vya mti ule
nikavibebesha kwenye miche michanga.
Kubebesha, ndilo neno lenyewe:
mtoto kuinama, mzee apande mgongoni.
Viwili vimekauka.
Cha tatu kina jani moja, dogo kama sikio la panya,
na leo, kupitia dirishani, nimemwona Sjur
nyuma ya ghala, akipima kwa hatua
mahali pengine pa trela.