Dirisha la Nesi Egla

Mtu wa miraba minne, tukisema, ni mtu aliyejengeka,
kifua kama mlango wa ghala.
Kwenye kadi ya Ruzuna miraba ni minne pia,
yote mitupu:
Aprili, Mei, Juni, Julai.

Hatukusahau. Tuliogopa.
Mbagala yote ilinuka limau na mwarobaini,
mama yangu alijifukiza nyungu asubuhi na jioni,
cherehani yangu ilikula vitenge, ikatapika barakoa,
moja mia tano, mbili mia nane.
Zamda akasema, Nimpeleke mtoto mzima
kwenye benchi la wagonjwa?
Sikuwa na jibu. Nilikanyaga pedali.

Kisha surua ikaingia nyumba ya tatu,
surua, ile ya zamani, ambayo hakuna aliyekuwa akiihesabu.
Mtoto wa watu, macho mekundu, hataki taa.

Siku tuliyoamua, Zamda alikuwa anakohoa.
Akabaki chumbani, akausukuma mkoba chini ya pazia:
khanga mbili, nepi, kadi
ndani ya kipande cha rambo kilichonusurika marufuku.

Getini, ndoo yenye koki,
sabuni imefungwa kamba kama mbuzi,
na kibao: MTOTO MMOJA, MZAZI MMOJA.
Mama yangu akakisoma herufi kwa herufi.
"Na aliyemzaa huyo mzazi, kaandikwa wapi?"

Nikaingia peke yangu na mwanangu,
mwanamume mmoja kwenye foleni ya vitenge.
Barakoa nne pale nilizishona mimi.
Niliujua mshono wangu kabla sijawajua watu.

Nesi Egla akauliza: Anakula nini?
Anaamka mara ngapi? Sindano ya mwisho ilimpa homa?
Nami, ninayejua kiuno cha kila mama wa mtaa kwa inchi,
nikasimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Hakunicheka. Alinyanyuka,
akafungua dirisha hadi bawaba zikalia,
akamwita bibi aje asimame nje, hatua moja kutoka ukutani.
"Simu unayo? Mpigie mama yake. Weka sauti kubwa."

"Analala akishika sikio langu," Zamda akasema
kutoka mezani, kando ya trei ya pamba.
"Uji wa ulezi anautema. Wa mchele anakunywa."
"Na tui kidogo," dirisha likaongeza.
Simu ikanyamaza.
"Tui? Tangu lini?"
Nesi alicheka, barakoa ikapanda ikashuka.

Hata nyungu hakuikemea.
Alisema tu: mvuke uwe wako, bibi, mtoto akae mbali na sufuria,
maji ya moto hayana undugu.

Kilo saba na nusu.
Ruzuna akining'inia mzanini, miguu ikikanyaga hewa,
na ule mstari uliokuwa ukipanda
umelala kidogo, kama mtu aliyepumzika katikati ya ngazi.
"Atapanda," akasema Egla. "Tui liendelee."

Kisha sindano.
Kilio kimoja kirefu.
Simu nayo ikalia, na dirishani
mama yangu akaanza kubembeleza kwa Kizaramo
maneno niliyodhani nimeyasahau.

Nikaomba ile miraba minne ijazwe, kwa makisio.
"Iliyopita hatukuipima," akasema.
Akaandika kwenye wa tano, Agosti,
kwa peni iliyofungwa uzi.

Jioni niliketi sakafuni, mgongo mlangoni,
pazia kati yangu na Zamda,
Ruzuna kalala pajani, bega limevimba kidogo.
Nikamsomea kadi.
"Saba na nusu?"
"Saba na nusu."
Akakohoa.
"Soma tena, tangu mwanzo. Na ile mitupu, usiiruke."