Kibao Cheupe

Kazi yangu ilikuwa kushika kibao.
Cha plastiki, rangi ya tui la kwanza,
ukubwa wa kigae cha jikoni.
Msellem akishapiga nyumba, huniita: "Haya, Bikombo,"
nami nikakiweka mbele ya lenzi, tuli,
akapiga tena:
picha ya kitu kisicho kitu.

Uchochoro wa Kajificheni hauna pa kurudi nyuma.
Mgongo umegusa ukuta, na bado ghorofa ya tatu haijaingia.
Basi kamera haiinui uso, kuta zisije zikalala kama walevi;
huipandisha lenzi peke yake, milimita kumi na tano,
na mwanga ukaja mshazari,
kama jirani anayejua mlango wa uani.

Kihisi cha zamani kilikuwa visima vyembamba,
midomo imetandwa nyaya.
Mwanga wa wima kiliuchota. Wa mshazari uligonga kingo,
ukamwagikia kisima cha pili:
upande huu wa picha kijani cha kuvu,
ule waridi la ufizi.
Ndiyo maana ya kibao. Kiliiambia mashine:
hii ndiyo kasoro yako, itoe.

Mwezi uliopita kimekuja kihisi kipya,
ndani ya boksi dogo kuliko kikapu cha haluwa.
Wamekipindua, Msellem akanieleza, chini juu:
nyaya zimehamia mgongoni,
visima vimekuwa vifupi kama visahani.
Ukija wima, karibu. Ukija ubavu, karibu.
Tukapiga baraza, roshani, boriti,
na hadi pembe ya mwisho chokaa ilikuwa chokaa.
Nilisimama na kibao changu.
Hakuniita.

Sikununa. Mie nani wa kuununia mwanga?
Hata kaniki ya mama yake, tuliyokuwa tukiingiza vichwa
kuutazama mtaa ukining'inia miguu juu kwenye kioo,
paka akitembea darini,
imekunjwa, imewekwa kabatini na karafuu.
Siku hizi anatazama skrini. Mtaa umesimama wima,
huna cha kukisia.

Jana usiku nimefungua mafaili ya zamani.
Nyumba ya Bi Mize, iliyoporomoka kwa masika,
imo, imenyooka, hata komeo unalihesabu kutu.
Na pembeni yake, picha ya kibao:
weupe mtupu, kijani huku, waridi kule,
asubuhi ile ile, bila nyumba ndani yake.
Ukingoni, chini, kivuli chekundu.
Nikakikuza.
Kidole gumba changu.

Picha elfu na mia mbili za mji huu,
mimi simo hata moja.
Nimo katika zile za kufutia.