Milioni Moja na Tatu

Lechipya wa dawati la mwisho ndiye aliyeuliza,
mwezi wa sita, vumbi la Mvumi limelala mezani kama unga:
"Mwalimu, milioni moja na tatu, nayo ni tasa?"
Darasa likacheka.
Walikuwa wanaijua nyumba yangu.

Sikujua jibu. Nikamwambia sijui,
nikaenda nayo nyumbani.

Daftari lilikuwa la madeni ya duka, kurasa za nyuma tupu.
Mbili: hapana, hii ni witiri.
Tano: hapana, kwa macho tu.
Saba ikabakiza nne.
Kumi na moja ikabakiza nne. Kumi na tatu, nne.
Nikadhani nimechoka, nikafuta, nikarudia: nne.
Thelathini na saba, nne tena,
kama mgeni anayevua viatu vilevile kila mlango.

Za kujaribu ni mia moja sitini na nane,
hadi mia tisa tisini na saba.
Kuvuka hapo hakuna haja:
namba ikiwa na vigawo, mmoja hujificha
chini ya kipeuo chake.

Wifi yangu Damari alikuja kuazima ungo,
akaona tarakimu zimepanda hadi ukingo wa karatasi.
"Perisi, unamhesabia nani yote hayo?"
Akaondoka na ungo. Swali akaliacha.

Ningemwambia nini?
Kwamba sita ni mtoto wa mbili na tatu,
thelathini na tano imezaliwa na tano na saba,
na kundi zima, shufwa na witiri,
ukilifuata zizini mama kwa mama
unawakuta hawa, ambao hawakuzaliwa na mtu.
Aliyeziita tasa
aliliangalia tumbo lisilo lake.

Yeremia akaniuliza, akiwa anakata matawi ya mizabibu,
hiyo namba ikiwa miche itapandwaje.
Nikamwambia: mstari mmoja tu. Ukijaribu miwili,
mitatu, mia, mmoja utapungukiwa.
Akapiga hesabu yake, mita mbili mbili.
"Huo mstari unapita Dar es Salaam, unaingia baharini.
Nani atapalilia?"
Tulicheka mpaka mbwa akabweka.

Tasa mwenzake wa nyuma yuko hatua ishirini,
wa mbele hatua thelathini.
Ndivyo tunavyojenga huku pia:
moshi wa jirani unauona, sauti yake huisikii.

Septemba, umeme umekatika, upepo unavuta mabati,
nikafika mia tisa tisini na saba.
Ikabakiza kumi na mbili.
Niliiangalia ile kumi na mbili muda mrefu,
kibatari kikaisha mafuta.

Asubuhi dawati la mwisho lilikuwa wazi.
Lechipya yuko Kibaigwa, wakasema, anapakia mahindi.
Nikaandika ubaoni: NDIYO.
"Ndiyo nini, Mwalimu?"
Sikufuta. Nikafungua kitabu, ukurasa wa sehemu.