Mwiba wa Saa Moja

Kihisi hakiigusi theluji.
Kinaning'inia mlingotini, mita nne juu ya shamba la viazi,
kinatupa sauti chini, kinangoja irudi,
kinapiga hesabu ya safari.
Lakini kwanza hupima baridi,
maana sauti nayo hukokota miguu hewa ikiganda.
Tik, tik, tik. Kimya.
Kisha namba, kila dakika kumi,
hadi kwangu Zugdidi, ghorofa ya tatu,
kando ya hita isiyomtosha hata paka.

Namba nazisafisha mimi. Ndiyo kazi.
Julai kilidai sentimita kumi na nne za theluji:
yalikuwa majani. Nikafuta.
Septemba kikasema themanini na tatu, kikashuka, kikapanda:
ng'ombe wa Gurandukhti, anajikuna mgongo kwenye chuma.
Nikamfuta na ng'ombe.

Januari, kila siku, saa moja kamili asubuhi,
mstari uliolala kama shuka iliyopigwa pasi
unachomoza mwiba.
Mia moja arobaini na mbili.
Mia moja arobaini na mbili.
Mia tatu na sita.
Mia moja arobaini na mbili.
"Barafu kwenye utando," akasema Nugzari, mkuu wangu,
bila kuweka kikombe chini. "Ng'oa."

Nikatoa ndogo kwenye kubwa.
Mia moja sitini na nne.

Fundi aliwahi kuiandika namba ya jirani yake, kwa chaki,
tulipomshonea baba koti la matanga ya mama:
mia moja sitini na nane, soksi tupu.
Zile nne zilizopotea,
mbili ni theluji iliyobonyea chini ya viatu vyake.
Mbili sijui.

Miaka thelathini na moja baba alisoma mti
uliopakwa rangi, nyekundu kwa nyeusi,
akaandika kwa penseli, maana wino huganda.
Siku ya harusi yangu alichelewa kanisani,
akaingia na weupe hadi magotini,
akaninong'oneza mbele ya kasisi: themanini na tisa.
Kisha wakaja vijana na mlingoti.
Jansugi akapewa cheti, na saa ya ukutani.
Mti wakaung'oa.
Shimo lake likajaa kabla hawajawasha gari.

Jumapili nikampigia simu.
Tukaongea kuni. Tukaongea goti.
Sikumuuliza. Akaanza mwenyewe, akipitia kando
kama anayesimulia ya jirani:
"Kile kidude chenu hakipendi kofia.
Sufi inameza sauti. Inabidi uvue."

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
na upara nje.
Amebana visigino, kidevu juu,
kama kuruta anayeogopa kuambiwa hafai,
mpaka zile tik zimalizike juu ya utosi wake.
Hakuuliza kama zinafika.

Basi kila siku naung'oa,
kwa ajili ya bwawa, kwa ajili ya barabara,
kwa ajili ya watu wa bondeni wanaotaka kujua maji ya Mei.
Rekodi ya serikali haina doa.
Miiba naihamishia kwenye faili jingine,
nimelipa jina la mashine iliyokufa
ili Nugzari asilifungue.
Mia sitini na nne. Mia sitini na nne. Mia sitini na tatu.
Siku ya tufani, mia hamsini: alikuwa ameinama.
Februari yote, mia sitini na mbili.

Leo saa moja, mia moja na nane.
Theluji tu.
Nikasimama. Simu ilikuwa mkononi,
nikatazama lile duara dogo likizunguka kiooni
kama lina siku nzima.

Saa moja na dakika kumi:
mia mbili sitini na tisa.

Nikakaa.
Nikatoa ndogo kwenye kubwa, mara mbili.
Nikafuta.