Arobaini

Saa nane za usiku, ghorofa ya nne, Barabara ya Kirinyaga.
Chini kunanuka grisi hata maduka yakifungwa.
Mimi na seva ya sacco ya wauza vipuri
tunatazamana kama wadaiwa wawili.
Diski imejaa. Asilimia mia, bila pa kupenyeza sindano.
Leja ya Jumatatu imekataa kuandikwa,
imekatika katikati ya jina la mwanachama:
"Mutis", basi, kama mtu aliyekabwa na mwiba.

Bosi, Bwana Wekhuyi, yuko harusini Kitengela.
Amejibu simu ya sita, muziki ukimfunika:
"Si nishakuongezea? Ilikuwa arobaini, sasa mia. Lala."
Na ni kweli. Nimechungulia huko juu, kwenye mashine mama
inayobeba hizi mashine pepe mgongoni:
gigabaiti mia, zimeandikwa, nyeupe pe.
Lakini humu ndani nikiuliza, naambiwa arobaini.
Nauliza tena.
Arobaini.
Ushahidi wa mtu asiyewahi kutoka nje.

Kununua shamba la jirani si kulilima.
Hati unayo mkononi, ila ua uko pale pale
na mbuzi wanageukia walipozoea kugeukia.
Nani atawaambia mbuzi?

Kwanza nahifadhi nakala. Mkono unatetemeka, siwafichi:
ukikosea namba moja ya mpaka
akiba ya watu mia tisa inageuka mchanga.
Kisha nang'oa nguzo ya mwisho ya kizigeu,
naisogeza hadi ukingoni, naipigilia.
Hapa ndipo wengi hufunga kazi wakaenda zao.
Nauliza: arobaini!
Maana mfumo wa faili wenyewe haujaambiwa,
umekaa katikati ya uwanja, umekunja magoti.
Basi nauambia, kwa mstari mmoja tu: jinyooshe.
Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu.
Mia.
Tisini na nane, kusema kweli; mbili zimekwenda
kwa ushuru wa humo humo ndani, usiulize.
Na yule mtu akatemea mwiba wake mezani:
Mutisya Ndeto, shilingi mia mbili.

Saa kumi na moja nafika Umoja.
Miezi saba tangu nihame chumba kimoja cha Kayole
nije kwenye hivi viwili,
lakini kitanda, meko, ndoo, runinga, pasi,
vyote vimebanana chumba cha mbele
kwa mpango ule ule wa Kayole.
Hata gizani nakwepa pembe ya kabati
niliyoiachia mwenye nyumba.
Chumba cha pili nakilipia, sikiingii.
Kina mwangwi, na waya wa balbu usio na balbu.

Leo nimesimama kizingitini na kikombe cha chai,
nikingoja sijui nini.
Kisha nimechukua kigoda, kimoja,
nikakitia kule katikati, nikakaa,
miguu nikainyoosha taratibu
mpaka visigino vikagusa simiti baridi
ambayo ni yangu tangu Februari.