Siku ya Tatu, Bado Mpwapwa

Miaka thelathini na moja nimeendesha gari la serikali.
Barabara ya Morogoro naijua kwa matuta:
Ihumwa, punguza. Buigiri, punguza.
Chalinze Nyama, pita, mzee hali nyama ya barabarani.
Nilifunzwa kutogeuza shingo.
Aliyekaa nyuma anachelewa,
na akichelewa yeye, umechelewa wewe.

Kiinua mgongo kilipotoka
wenzangu walinunua viwanja Nala, mashine ya kusaga, bodaboda tatu.
Mimi nikaenda mnadani, nikarudi na ambulansi chakavu.
Perisi hakusema neno siku mbili.
Ya tatu akaleta futikamba, akapima ndani, akasema:
kitanda chetu hakiingii,
fundi akate upande wa miguuni. Tutakunja.

Basi tunalo jiko la mtungi mdogo, sufuria mbili,
unga wa uwele, mlenda mkavu kwenye kopo la maziwa,
pazia la kitenge cha harusi ya mdogo wake.
Ubavuni rangi nyekundu imegoma kufutika:
WAGONJWA.
Trafiki wa Mbande akachungulia dirishani.
"Mgonjwa yuko wapi?"
"Ni huyu," Perisi akanisonta kidole,
"anaugua haraka. Namtibu taratibu."
Trafiki akacheka, akasahau kuuliza bima.

Siku ya kwanza hatukumaliza kilomita hamsini.
Simama, nione zabibu zinavyofungwa kwenye waya.
Simama, lile jiwe nani kalibebesha jiwe lenzake?
Kile kilima kinaitwaje?
Sijui.
Na wale ndege?
Sijui, mama Chilewa.
Nimepita hapa mara elfu,
najua tu pampu ipi dizeli yake haina maji.

Akaninyamazia. Kisha akamwita kijana mchunga mbuzi,
akamuuliza jina la kilima, akapewa,
akaliandika nyuma ya risiti ya mafuta.
Sasa risiti zimejaa.

Kongwa tulilala kando ya uzio wa ranchi,
ng'ombe wakipumua upande wa pili wa bati.
Nikamsimulia bahari, maana ndiko tuendako.
Nimefika Dar, nimefika Tanga, nimefika Mtwara,
na kadiri nilivyosimulia
nikajisikia naeleza maegesho ya hoteli:
kivuli cha mkungu, redio chini,
injini inaunguruma saa nne nzima
ili mheshimiwa akitoka akute baridi.
Chumvi niliijua kwa kioo, nilipokifuta asubuhi.
"Kumbe hujaiona," akasema.
Hakunisimanga. Alisema kama mtu
aliyekuta sahani ya pili kabatini.

Leo tumepanda Kiboriani kwa gia ya kwanza,
gari likikohoa, maandishi ya ubavuni yakawa kweli.
Ukungu umeingia hadi ndani ya sufuria.
Huko chini Mpwapwa inawasha taa moja, moja,
kama mtu anayehesabu chenji asiyemwamini muuzaji.
Perisi amevaa koti langu la kazi, lile lenye nembo,
mikono imemzidi, anasonga ugali.
"Pwani tutafika lini?"
Anayeuliza ni mimi, dereva.
"Bahari hailipwi posho," anajibu bila kugeuka,
"haina pa kuwahi."

Usiku mguu wangu wa kulia
bado unakanyaga mafuta usingizini.
Anaujua. Umempiga teke miaka mingi,
siku zile chache nilizolala nyumbani.
Ameuwekea unyayo wake juu,
wa baridi, mzito kidogo,
pale breki inapokaa.